Gitaa la Kwanza: Je, Seremala wa Kyela Anaweza Kulijenga kwa Mikono Yake?

Katika maombi yanayotufikia kutoka sharika za ukanda wa Ziwa Nyasa, gitaa la kwaya halikosekani. Gitaa hununuliwa, hutumika msimu mmoja au miwili, kisha uso wake huvimba, daraja hubanduka, au shingo hupinda mpaka kidole hakiwezi tena kuzibana nyuzi. Baada ya hapo ombi jipya huandikwa. Safari hii swali limekuja kwa sura nyingine. Vijana waliojifunza useremala wanauliza kama wanaweza kujenga gitaa wao wenyewe, na kamati za sharika zinauliza kama jambo hilo linastahili kuungwa mkono.

Katika makala hii tunaeleza jinsi gitaa la klasiki linavyojengwa kwa mkono, mahitaji yake, na mahali ambapo mazingira yetu ya Kyela yanadai uangalifu wa pekee. Jibu letu kwa kifupi ni kwamba kazi hii iko ndani ya uwezo wa seremala mvumilivu. Hata hivyo, gitaa la kwanza lihesabiwe kuwa somo, wala lisitarajiwe kuwa bidhaa ya kuuza. Faida yake kubwa ni kwamba aliyejenga gitaa moja tangu mwanzo hadi mwisho anajua kulitengeneza jingine linapoharibika, na fundi wa namna hiyo ndiye tunayemkosa.

Ufundi ulioanza kwa seremala

Wengi wetu tunadhani gitaa hutoka kiwandani tu. Ukweli ni kwamba gitaa la klasiki kama tunavyolijua leo lilipewa umbo na seremala. Antonio de Torres, aliyezaliwa karibu na mji wa Almería nchini Hispania mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892, alianza maisha yake ya kazi akiwa mwanafunzi wa useremala kabla ya kugeukia magitaa. Vipimo alivyovifuata vya mwili na urefu wa nyuzi, pamoja na mpangilio wa fito ndani ya sanduku, ndivyo mafundi wengi duniani wanavyofuata hadi leo.

Mwaka 1862 Torres alifanya jaribio linalotuhusu sana sisi tusio na mbao za gharama. Alijenga gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu iliyogandishwa, na uso peke yake ukawa wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti ya gitaa hutegemea uso kuliko sehemu nyingine yoyote. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Fundi wa Kyela anaweza kujifunza hapo kwamba mgongo na mbavu zinaweza kuwa za mti unaopatikana nchini, ilimradi uso uchaguliwe na kuchongwa kwa uangalifu mkubwa.

Hata karibu nasi ufundi wa vyombo vya nyuzi si mgeni. Ukivuka Mto Songwe kuingia Malawi utawakuta vijana wanaopiga banjo walizounda wenyewe, pamoja na babatoni, chombo kirefu cha uzi mmoja kinachotoa sauti ya besi. Vyombo hivyo vimewafikisha baadhi yao kwenye majukwaa ya nje ya Afrika. Tofauti ni kwamba banjo ya namna hiyo humsamehe fundi makosa mengi, lakini gitaa la klasiki halisamehi.

Mvutano ulio ndani ya gitaa

Ili kamati iweze kupima ombi la namna hii, ni vema kuelewa ugumu wenyewe uko wapi. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa huvuta kwa jumla nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Nguvu hiyo yote hushikwa na daraja lililogandishwa juu ya ubao wenye unene wa milimita 2 hadi 2.5. Ubao huo ukiwa mnene, hautatikisika vizuri na gitaa litakuwa na sauti ya kabati. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, utabonyea na kupasuka.

Kazi yote ya fundi wa gitaa ni kutafuta mahali pa katikati: uso mwepesi unaotikisika, lakini wenye nguvu ya kubeba mvuto huo mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana ndani ya sanduku hugandishwa fito nyembamba, kwa kawaida saba, zilizotandazwa kama vidole vya mkono uliofunguliwa kutoka kwenye tundu kuelekea chini. Fito hizo hubeba mzigo bila kuongeza uzito mwingi.

Mti gani utumike?

Mafundi wa Ulaya hutumia miti ya jamii ya misonobari ya nchi za baridi kwa ajili ya uso. Tangu miaka ya 1960 wengi hutumia pia mwerezi mwekundu wa Marekani ya Kaskazini. Miti hiyo haioti kwetu. Seremala wetu ana njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza vipande viwili vya uso vilivyokwisha kukatwa, na hiki ndicho kitu kimoja cha mbao ambacho tungeshauri kiagizwe kama fedha ipo. Ya pili ni kutafuta ubao wa saipresi au paini uliokomaa kutoka nyanda za juu, wenye mistari iliyonyooka na kukaribiana, usio na vifundo, na uliopasuliwa kwa namna ambayo mistari inasimama wima ukiutazama kwenye kichwa cha ubao. Mti uliokua haraka shambani, wenye mistari mipana, haufai kwa uso.

Kwa sehemu nyingine Tanzania ni tajiri. Mninga hubadilika kidogo sana unapokauka na kunyonya unyevu, hivyo unafaa kwa mgongo na mbavu. Mkangazi ni mwepesi na huchongeka vizuri, nao unafaa kwa shingo. Ni wa ukoo mmoja na mti wa Cedrela ambao mafundi wa Hispania hupenda kuutumia kwa kazi hiyohiyo. Ndugu zetu wa Malawi huuita mbawa, na jina lake la zamani la kisayansi, Khaya nyasica, limebeba jina la Nyasa. Saipresi nayo isidharauliwe, kwa kuwa magitaa ya muziki wa flamenko wa Hispania hujengwa mgongo na mbavu kwa mti wa jamii hiyo. Kwa ubao wa vidole, yaani ule unaolala juu ya shingo, mpingo unafaa sana kwa ugumu wake. Kipande kidogo kinatosha, hata masalio ya mafundi wa vinyago.

Hapa tunasisitiza jambo moja. Mbao ziwe na uhalali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania husimamia jambo hilo. Kamati isipokee ubao ambao muuzaji hawezi kuonyesha risiti yake, hata kama ni mmoja tu. Misitu ya Mlima Rungwe na Milima ya Livingstone ndiyo inayoilisha mito inayoteremka hadi kwenye mashamba yetu ya mpunga na kakao. Haitakuwa sifa kwa mradi wa kanisa kupata sauti ya gitaa kwa kuupunguza msitu huo. Upo pia mfano mzuri wa kuigwa: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata hati ya kimataifa ya usimamizi bora wa misitu yao, na mpingo wa vyombo vya muziki ukawa chanzo cha mapato ya kijiji.

Unyevu ndio adui wa kwanza

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa makini, maana vitabu vya ufundi huandikwa na watu wanaoishi kwenye hewa tofauti na yetu. Ziwa letu liko kwenye mwinuko wa karibu mita 475 tu kutoka usawa wa bahari. Hewa ni ya joto, na mvua ya Kyela huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, ikizidi sana miezi ya masika. Mbeya mjini, safari ya saa chache tu, iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na kuanzia Julai hewa yake ni kavu na ya baridi.

Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa. Inapofanya hivyo hutanuka na kusinyaa kwa upana, lakini kwa urefu hubadilika kidogo mno. Sasa fikiria uso wa gitaa wenye upana wa sentimita 36, na ndani yake ufito uliogandishwa kukatisha upana huo. Uso unataka kusinyaa. Ufito, uliolala kwa urefu wake, haukubali. Matokeo yake ni ufa.

Hivyo basi, gitaa likigandishwa Kyela mwezi Aprili mbao zikiwa zimejaa unyevu, na kwaya ikalichukua kwenda kwenye mashindano Mbeya mwezi Septemba, litapasuka hata kama kazi ilikuwa safi. Na gitaa lililojengwa kwenye nchi kavu likiletwa kwetu, uso hutanuka na kupanda juu, nyuzi huinuka, na daraja hubanduka. Magitaa mengi yanayodhaniwa kuwa mabovu yameharibiwa na jambo hili.

Mafundi wengi hupenda kugandisha uso na mgongo wakati unyevu wa hewa ni asilimia 40 hadi 50. Kwetu hali hiyo haiji yenyewe. Ni lazima itafutwe. Tunashauri yafuatayo:

- Mbao zilizopasuliwa zikaushwe kwa miezi mingi chini ya paa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kisha zihamishiwe mahali pakavu zaidi. Dari iliyo juu ya jiko la kuni, panapotundikwa mahindi ya mbegu, hufanya kazi hiyo vizuri.

- Kipande kipimwe kwenye mizani ndogo kila wiki na uzito uandikwe. Uzito ukiacha kupungua kwa wiki kadhaa, ubao umefika mwisho wa kukauka kwa mahali hapo.

- Litengenezwe kabati dogo la plaiwudi lenye balbu ya aina ya zamani inayotoa joto. Vipande vya uso, mgongo na fito vikae humo siku kadhaa kabla ya kugandishwa, na kipimaunyevu cha bei nafuu kiwekwe ndani.

- Kazi ya kugandisha uso na mgongo ipangwe kati ya Julai na Oktoba. Miezi hiyo mpunga umeshavunwa, na vijana wana nafasi. Masika itumike kwa kazi zisizodhurika: kuchonga shingo, kutengeneza vifaa na kujifunza hesabu.

Hatua za kazi

Hatuwezi kueleza kila kitu katika kurasa hizi, lakini msomaji atapata picha ya kazi ilivyo.

Kwanza ni mchoro. Gitaa lote huchorwa kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, na nusu ya umbo la mwili hukatwa kwenye plaiwudi ili iwe kiolezo. Halafu huandaliwa ubao mzito wa kufanyia kazi wenye umbo la gitaa. Kwa njia ya Kihispania gitaa hujengwa likiwa limelala kifudifudi juu ya ubao huo, na hakuna haja ya kalibu ya nje. Njia hii inamfaa anayeanza mwenye vifaa vichache.

Pili ni shingo. Kichwa huungwa kwa mkato wa mshazari ili kiiname kidogo kwenda nyuma. Kisigino hujengwa kwa vipande vilivyogandishwa kimoja juu ya kingine, na pande zake mbili hukatwa mifereji ambamo mbavu zitaingia. Kwa hiyo shingo na mwili huwa kitu kimoja tangu mwanzo.

Tatu ni uso. Vipande viwili kutoka ubao mmoja hufunguliwa kama kitabu na kuungwa katikati. Kingo hupigwa randa ndefu, kisha vipande hushikwa pamoja kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya popote, randa irudi. Baada ya kuungwa, uso hupunguzwa mpaka unene unaotakiwa, tundu lenye kipenyo cha milimita 85 hivi hukatwa, na fito hugandishwa.

Kugandisha fito kunahitaji kubana sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na hapa wengi hukata tamaa wakiona bei ya klampu. Iko njia nyepesi inayotumiwa hata na mafundi wakubwa. Uso huwekwa ndani ya fremu yenye ubao juu na ubao chini, kisha vijiti vinavyopindika, virefu kidogo kuliko nafasi iliyopo, husimamishwa kati ya ubao wa juu na ufito. Vikijaribu kunyooka, vinabana. Sisi tuna mianzi. Vijiti thelathini vya mwanzi havihitaji mfadhili.

Nne ni kupinda mbavu. Vipande vyenye unene wa milimita 2 hulowanishwa na kukandamizwa taratibu kwenye bomba la chuma lenye moto ndani. Ubao ukipata joto la kutosha, mkono huhisi unalegea, na hapo ndipo unapoupinda. Kiunoni ndipo vipande vingi huvunjika, hivyo fundi aandae mbavu za akiba na afanye mazoezi kwenye masalio.

Tano ni kufunga sanduku. Mbavu huingizwa kwenye mifereji ya shingo na kugandishwa kwenye uso kwa vipande vidogovidogo vya mbao vilivyopangwa kama meno. Mwisho mgongo hugandishwa juu. Kingo hulindwa kwa ukanda mwembamba wa mti mgumu, na ukanda huo hufungwa kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli mpaka gundi ikauke.

Sita ni ubao wa vidole, freti, daraja na kung'arisha. Vipande viwili vinavyobeba nyuzi, kimoja juu ya shingo na kingine kwenye daraja, huchongwa kutokana na mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, kuondolewa mafuta na kukaushwa juani. Kuna mafundi wanaopaka rangi nzito ya kung'aa kama ya fanicha. Kwenye uso wa gitaa isitumike, kwa sababu huziba sauti. Tabaka jembamba la polishi ya sheleki linatosha.

Kuhusu gundi, gundi nyeupe ya mbao inaweza kutumika, lakini ikumbukwe kwamba hulegea kwa joto. Gitaa lisiachwe ndani ya gari lililosimama juani wala lisiegemezwe kwenye ukuta wa bati.

Anayeanza asishangae akitumia saa 150 au zaidi kwa gitaa moja. Pia vumbi la mpingo na la mninga huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Barakoa na hewa ya kutosha ni sehemu ya vifaa, na kamati iviweke kwenye bajeti.

Hesabu ya freti

Gitaa linaweza kuwa zuri kwa macho na likashindwa kuimba kwa sababu freti zimekaa mahali pasipo pake. Bahati njema, hii ni hesabu tu, na kijana aliyemaliza darasa la saba anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu.

Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka kwenye mfupa wa juu hadi daraja, ni milimita 650. Gawanya 650 kwa 17.817, unapata umbali wa freti ya kwanza. Toa umbali huo kwenye 650, kisha gawanya kilichobaki kwa 17.817, unapata nafasi ya freti inayofuata; na kuendelea hivyo. Vipimo vikuu, vyote vikihesabiwa kutoka kwenye mfupa wa juu, ni hivi:

Freti ya 1: milimita 36.5
Freti ya 2: milimita 70.9
Freti ya 3: milimita 103.4
Freti ya 4: milimita 134.1
Freti ya 5: milimita 163.1
Freti ya 7: milimita 216.2
Freti ya 12: milimita 325.0

Freti ya 12 iko nusu kamili ya uzi, na hiyo ndiyo njia ya kujikagua. Zamani mafundi wengine waligawanya kwa 18 kwa sababu ni rahisi. Ukifanya hivyo freti ya 12 itaangukia karibu milimita 322.6, na kosa hilo la milimita 2.4 kila mwanakwaya atalisikia. Kila kipimo kichukuliwe kutoka kwenye mfupa wa juu, kisianzie kwenye freti iliyotangulia, ili makosa madogo yasijilimbikize. Na kwa kuwa uzi hukazika kidogo unapobanwa, daraja husogezwa nyuma kwa milimita 1 hadi 2 zaidi ya hesabu.

Nyuzi: nailoni, kamwe si chuma

Tukiulizwa jambo moja la kuandika kwenye ukuta wa kila chumba cha kwaya, tungeandika hili. Nyuzi za chuma huvuta karibu mara mbili ya nyuzi za nailoni. Gitaa la klasiki likifungwa nyuzi za chuma, daraja litang'oka au uso utabonyea, nalo laweza kuwa gitaa la bei kubwa kabisa. Kwa kawaida nyuzi za chuma huwa na kipete kidogo mwishoni. Za nailoni nyingi hufungwa kwa fundo kwenye daraja.

Hadi miaka ya 1940 nyuzi za magitaa haya zilikuwa za utumbo wa mnyama. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Albert Augustine wa New York ndiye aliyeanza kuzitengeneza kwa nailoni kwa ajili ya wapiga gitaa. Sisi wa ukanda wa ziwa tunaifahamu nailoni vizuri, kwani ndiyo mishipi ya wavuvi wetu. Kwa dharura, uzi laini wa kuvulia wenye unene wa milimita 0.7, 0.8 na 1.0 unaweza kushika nafasi ya nyuzi tatu nyembamba. Zile tatu nene zimezungushiwa waya, na hizo lazima zinunuliwe.

Kamati za sharika zizingatie nini?

Vitu visivyoweza kutengenezwa hapa ni vichache: waya wa freti, mashine za kukazia nyuzi, nyuzi zenyewe, na pengine ubao wa uso. Vifaa vya mkono, yaani randa, patasi, msumeno wenye meno madogo, tupa, msasa na rula ya chuma, vingi viko tayari kwa seremala au vinaweza kutumiwa na vijana watatu au wanne kwa zamu. Kabla ya kupitisha ombi, tunashauri kamati ijiulize maswali haya:

1. Je, kijana ameshajenga vitu vinavyohitaji maungio safi, kama vile droo au dirisha? Gitaa si mahali pa kuanzia useremala.

2. Je, kuna chumba kikavu chenye kufuli, na mahali pa kuhifadhia mbao kwa mwaka mzima?

3. Je, yupo fundi au mpiga gitaa atakayeikagua kazi katikati, kabla ya sanduku kufungwa? Likishafungwa, makosa ya ndani ni vigumu kuyarekebisha.

4. Je, kwaya ipo tayari kusubiri? Gitaa la kwanza lisiahidiwe kwa sikukuu wala kwa mashindano.

5. Je, kijana atakubali kuanza kwa kutengeneza magitaa mabovu yaliyolala stoo? Huko atajifunza mengi bila gharama, na usharika utapata faida mara moja.

Tuwe wakweli pia kuhusu soko. Magitaa ya kiwandani yanayoingia nchini yana bei ambayo fundi wa mkono hawezi kuifikia akihesabu saa zake. Mradi unaoandikwa kwa matumaini ya kuuza magitaa kwa wingi utawavunja moyo walengwa na wafadhili. Lakini mradi unaolenga kumpata fundi mmoja wa magitaa kwa kila jimbo, anayejua kurudisha daraja, kunyoosha freti na kuziba ufa, unajibu hitaji ambalo tayari lipo kwenye kila kwaya.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru marafiki wanaotutumia magitaa. Pamoja na shukrani hizo, tunaomba msaada wa namna hii uelekezwe kwenye muda na vifaa kuliko idadi ya magitaa. Fedha itakayomlipa fundi mkufunzi kwa miezi minne ya kiangazi, ikanunua seti moja ya vifaa vya pamoja na kipimaunyevu, itadumu kuliko magitaa kumi yatakayovimba masika ijayo. Na katika taarifa zetu msitutake tuhesabu magitaa yaliyokamilika mwaka wa kwanza. Tuulizeni ni magitaa mangapi ya kwaya yaliyokuwa yamelala na sasa yanapigwa.

Mgeni atakayependa kubeba mbao zetu kwenda nazo kwao afahamu kwamba mpingo tangu mwaka 2017, na mkangazi na mninga tangu mwaka 2023, viko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Mbao ghafi za miti hiyo zinahitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka. Aulize mapema, asije akapata usumbufu uwanja wa ndege.

Sharika zenye vijana seremala wanaotaka kujaribu zinakaribishwa kuwasilisha majina kupitia ofisi za majimbo kabla masika haijaisha, ili mbao ziwahi kukaushwa na kazi ya kugandisha ianze Julai. Kila kijana aje na kipande kimoja cha kazi yake ya useremala alichokiunga bila msumari. Tutaanzia hapo.